Maillot ya Mwila Yenye Panya Haikukula

Mama Hortense, weye mwenye kutujibiaka mu radio kila mercredi, nakulomba sana unisaidie mbele ya samedi, hii Jumamosi, juu samedi njo siku yenye jina yangu itasimama ao itaanguka, na miye siko muntu wa kuanguka hivi hivi, uliza muntu yeyote pa Makomeno kama anajua Papa Clément, atakujibu: ule wa maillot.

Niko na myaka makumi tano na tano, mutoto wa mekanisien wa reli, masomo niliachia mu ya tano primaire juu mwalimu aliona hana tena kitu ya kunifundisha. Ku nyumba niko na sanduku ya chuma yenye kupita musée: filimbi ya arbitre, viatu ya misumari, fanion moja ya kabendera, picha ya équipe, timu yetu, na juu ya yote maillot, jezi nyekundu namba kumi na moja ya Étoile du Rail, équipe ya batumikaji ba reli, yenye ilivaliwa pa Sakania, ku mupaka, mu 1989, ile siku tulipiga bantu ba Ndola, ba Zambia, moja kwa sufuri. Ile goli, Mama, mpira ilitoka katikati ya kiwanja, ikapita gardien, kipa wao, ikatoboa lifile, wavu ya goli, ikaruka mupaka, na kule ngambo askari akaisimamisha, akaiuliza: "Karatasi yako iko wapi?" Sisemi bongo, si uongo, ilirudia kesho yake na train ya mizigo.

Sasa kuko Papa Adrien, mufanya biashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, dépôt yake, stoo ya sukari na bunga, iko hapa Naviundu, anafungua salle, chumba kikubwa kando ya dépôt kusudi bashofere ba makamio yake baangaliake match, na anataka ukuta moja ijae bintu ya mpira ya zamani. Alikuya kwangu, akashika maillot, akaona jina CLÉMENT imeshonwa ku mugongo, akasema: "Papa Clément, miye nanunua kitu pamoja na habari yake. Bila habari, hii ni kitambaa tu. Samedi utasimama mbele ya bantu, utaeleza ile goli, na moto mupya, pikipiki yenye iko pale mu dépôt, itakuwa yako." Moto mupya, Mama! Bibi yangu Laurentine, mama ya Merdi wetu, anauzishaka bunga ku soko ya Naviundu, myaka kumi na mbili anabeba mifuko ku kichwa, shingo yake inaanza kumukatalia. Alisikia neno moto, akaniangalia: "Baba Merdi, maillot haibebake bunga." Kwisha.

Bon. Mpaka hapa nilikuwa nakuandikia vile naelezaka bantu. Sasa nakuandikia vile iko, na Laurentine analala.

Ile goli haikukuwa yangu. Ilikuwa ya Mwila, rafiki yangu, njo alikuwa anavaa namba kumi na moja, na mpira haikuruka mupaka, iligonga muti ya goli, ikaingia pole pole sawa muke mwenye kuchelewa ku misa. Miye nilikuwa wa jerrican. Nilikuwa naletea bachezaji maji, na kisha match nafula bamaillot, yote kumi na moja, na mikono hii. Mu picha ya équipe niko pale ku mwisho, na jerrican, lakini kama naonesha bantu ile picha nashikaka tu pale, nafunika na kidole kikubwa.

Mu 1993 Mwila alihamia Sakania kutafuta maisha, akaniachia maillot, akasema: "Clément, uniwekee. Mu mizigo yangu itapotea, kwako haitapotea." Nikaweka. Myaka ikapita, bantu banaona maillot mu nyumba yangu, banauliza, "Ni yako?" Siku ya kwanza nilicheka tu. Siku ya pili nikasema eh. Kisha batoto ba quartier, benye kuzoea bamaillot ya leo, bakanichokoza: "Tonton, kama ulichezaka, jina yako iko wapi?" Njo nikapeleka maillot kwa fundi wa mashini, nikashonesha jina, herufi saba, uzi mweupe. Papa Adrien ni kijana, hajui. Lakini anaalika bazee ba équipe, na Papa Pierre, gardien wetu wa zamani, alishakubali kuya, na yeye anajua kama ile wakati hakuna muchezaji wa reli mwenye alivaa jina ku mugongo. Papa Pierre alimuuliza Papa Adrien mu telefone, na Papa Adrien akanieleza: "Clément gani? Wa jerrican?"

Na ile sijaelezaka hata padri: Mwila alikufa, inaelekea myaka mbili. Bibi yake Madeleine alinitumia habari ya kilio, matanga yake. Weye unajua kwetu, kama kilio inaisha familia inakusanya bintu ya marehemu, na mwenye kuwekewa kitu yake anairudisha mbele ya bantu bote. Sikuenda. Nilisema malaria inanilalisha. Kisha Madeleine akapiga telefone: "Shemeji, maillot ya Mwila ingali kwako? Batoto banataka kuiona." Nikamujibu panya ilikula. Nikaongeza panya yenyewe ilikuwa munene sawa mbuzi. Mama, hakucheka. Alisema tu, "Aksanti, shemeji," akakata.

Sasa nifanye namna gani? Niuzishe, Laurentine apumuzike shingo, na samedi nisimame mbele ya Papa Pierre? Ao nifunge sanduku na kubakia vile niko?

Ni miye, Papa Clément, Makomeno.

*

Papa Clément,

Nilisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka fundi wa sauti akagonga kioo. Mara ya pili sikucheka.

Unaniuliza kuuzisha ao kuweka. Yote mbili haiko yako ya kuchagua. Kitu ya kuwekewa haiuzishwe. Na kama mwenyewe anakufa, bibi yake anaiuliza, haiwekwe tena. Ile siku ya telefone ya Madeleine, kazi yako ya kuweka iliisha. Kutoka pale unaficha.

Nakusikilia huruma, usifikiri sina. Kijana wa jerrican, hakuna mwenye kumupigia makofi, na bila maji yake bachezaji bangeanguka mbele ya mapumziko. Lakini ulikuwa na kitu ya kusifu, ukaiacha, ukaiba ya mwenzako. Ya rafiki! Mwenye alikuamini kupita mizigo yake! Na kilio, Papa Clément, ukasema malaria? Muntu muzima?

Sasa sikia, na ufanye vile nasema, si vile utaeleza kisha.

Leo, mbele ya jua kuingia, enda ku dépôt ya Papa Adrien na miguu yako. Usitume message. Umuambie: "Maillot haiko yangu, ni ya familia ya Mwila, na ile goli ni ya Mwila." Filimbi, viatu na fanion, kama ni yako kweli, umuuzishe. Haitaleta moto, najua. Itamusaidia Laurentine kupata puspus, mukokoteni ya kusukumia bunga yake, na mwenye kuisukuma kila asubuhi kutoka ku nyumba mpaka ku soko ni weye. Mikono yenye ilifula bamaillot kumi na moja haishindwe na mifuko mbili.

Mama Laurentine, kama unasikiliza: haukukosea kutaka moto. Lakini hii moto ungeipakia mifuko kila siku, na kila siku ungebeba bongo ya bwana yako juu yake. Dai puspus. Usikubali aseme kesho.

Usiku wa leo, ukamate wembe, ukae pa mulango pale majirani banaona, ufumue ile jina, herufi moja moja. Usimupatie bibi yako kazi hiyo. Usirudi kwa fundi. Uvute uzi pole pole, juu kitambaa ni ya zamani na haina kosa.

Vendredi, kesho kutwa, unapanda gari ya Sakania. Ubebe sukari na bunga, vile bantu banabebaka ku kilio, juu kilio yako ungali haujaifanya. Ukifika, usianze na goli, usianze na askari wa mupaka. Ukae chini, ulie rafiki yako kwanza. Kisha umupe Madeleine maillot na mikono mbili, na umuambie: "Shemeji, ile panya ilikuwa miye." Ukinyamaza pale, nyamaza kweli. Usiongeze ukubwa.

Kama Madeleine anataka kuiuzisha, umupeleke kwa Papa Adrien, na moto itakuwa ya Madeleine. Kama anataka kuiwekea batoto, umusaidie kufunga sanduku. Na samedi, enda ku salle. Enda hata mikono mitupu! Umusalimie Papa Pierre mbele akusalimie. Picha ya équipe, hiyo usiuzishe, ubebe ile siku, upitishe ku bantu, na kidole yako ikae mu mufuko.

Kitu moja inabakia. Ukishatoa uzi, matundu ya sindano itabakia ku mugongo wa maillot, nayo haifutike, hata ufule namna gani. Madeleine ataipeleka ku mwangaza, ataiona, atakuuliza: "Shemeji, hii alama ni ya nini?"

Usiseme ni panya. Uweke kidole pa tundu ya kwanza, umusomee herufi zote saba.