Sufuria Zimehamia kwa Mina

Jumapili, 5 Mei 2019
Naomba radhi, ingawa sijui namwomba nani. Tangu kabla ya Pasaka yetu sijaandika hata mstari. Kumvisha mke wangu Hessie, kumtafutia miwani, kumjibu swali lilelile kwa sauti ileile ya upole. Sauti ndiyo ngumu, si jibu.

Binti yetu Ruhama amepiga simu kutoka Cape Town. Nyumba ya wazee ya Wayahudi huko ina chumba cha watu wawili. Wanataka jibu Jumatatu ya tarehe 13. Alisema nimechoka. Nilikana. Nilidanganya.

Jumanne, 7 Mei
Hessie amemimina maziwa katika supu ya kuku. Kwetu nyama na maziwa havikutani chunguni wala mezani. Tangu tuoane hajawahi kukosea: vyombo vya nyama kushoto, vya maziwa kulia, hata vitambaa tofauti. Aliona uso wangu akaelewa. Akasema hapiki tena. Mke anayelisha watu wake haramu hana kazi jikoni. Hajala tangu mchana.

Akiliacha jiko ataacha na mengine. Nami siwezi kumsimamia kama askari. Labda Ruhama amesema kweli.

Jumatano, 8 Mei
Nimemweleza Mina Levitas, mjane wa ng'ambo ya barabara. Hakunipa pole. Aliuliza kama nina maboksi.

Alhamisi, 9 Mei
Mina amekuja na Abe Zundel wa sinagogi. Wamefungasha vyombo vyote vya nyama.

"Zelik, sogea," Mina akasema. "Umesimama kama mlingoti wa bendera."

Nilimwambia sufuria ile ni ya mama mkwe, imetoka Lithuania.

"Basi haitaogopa kuvuka barabara. Nitaichemsha isafike, kama rabi alivyosema."

Kuanzia leo nyama haiingii humu. Samaki, mayai, maziwa, mboga: Hessie achanganye apendavyo, hatavunja sheria. Kuku wa Sabato tutamla kwa Mina. Abe atakaa na Hessie asubuhi, mimi niende kusali.

"Au ulale," alisema Abe. "Mungu anakujua. Kitanda chako ndicho kimekusahau."

Hapa Bulawayo Wayahudi tumebaki wachache, na wachache hawa wamenibeba. Kwa mdomo niliwaambia asante tu. Nashukuru kuliko hivyo.

Ijumaa, 10 Mei
Hessie amepika! Samaki kwa siagi na maziwa, chumvi mara mbili. Nimekula yote. Aliuliza sufuria ya mama yake iko wapi. Kwa Mina, nikasema.

"Yule ameitamani tangu harusi yetu."

Nilicheka mpaka nikakaa.

Ruhama amepiga tena. "Sawa, baba, lakini Bi Mina naye ana miaka themanini. Mpaka lini?" Swali la haki. Sikumwambia kwamba baada ya chakula nilikuta gesi inawaka, chungu hakuna.

Jua linashuka, Sabato ikiingia siruhusiwi kuandika. Hessie ananiita mezani. Ameshika kiberiti mbele ya mishumaa, maneno ya baraka yamempotea, anataka nimwanzie. Nikishaamua kuhusu chumba kile, nitaandika hapa.