Chanjo ya Mayai kwa Mahujaji wa Balambala

Jumatatu, 13 Aprili 2026

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa! Mahujaji wa Balambala walijaa leo ukumbini kusikia habari za chanjo ya mafua. Salah, tabibu mwenzangu hapa zahanati, ananitafsiria kwa Kisomali. Mimi nikajiona profesa. Nikawapa dunia nzima: Vaxigrip ya Sanofi, inakuzwa kwenye mayai ya kuku. Flucelvax ya Seqirus, kwenye seli zilizotokana na figo ya mbwa. Ile ya kupuliza puani ya AstraZeneca — ina jelatini ya nguruwe. Salah alifika kwa mbwa akaniuliza: hata hii? Nikamwambia, tafsiri tu! Akatafsiri.

Mzee Billow, kiongozi wa msafara, akachukua bakora yake. Akasema mbele ya wote kwamba hataingia Makka na mbwa mwilini. Akatoka. Ukumbi mzima ukamfuata.

Na ndiye ninayemhofia zaidi! Ana pumu. Mwaka jana mafua yalimlaza kwenye oksijeni. Wanasafiri mwezi ujao, na chanjo inataka kama wiki mbili ndipo ishike. Akichelewa atakwenda kifua wazi katikati ya umati wa dunia nzima.

Jumanne, 14 Aprili

Salah amenuna. Aliniuliza: Mueni, kwenye friji yetu kuna aina ngapi? Moja. Ya mayai! Sasa hizo zingine nani alikuuliza? Mdomo huu!

Jumatano, 15 Aprili

Nimekwenda kwa Osob, mke wa Billow. Nimebeba mayai kwenye mfuko. Nikamwonyesha: chanjo yetu inakuzwa humu, basi. Akaligeuza yai kama kitu kilichookotwa barabarani. Hajawahi kula yai maishani mwake — kwao watu wanakula ngamia na mbuzi. Halafu akacheka hadi shela ikamteleza. Yaani, akasema, Wafaransa wa Sanofi na akili zao zote wanategemea kuku!

Kisha akawa mkali. "Daktari, kuku ni halali. Mjinga, lakini halali. Sasa wewe watu wanasema unakula nguruwe, ushahidi yako haitoshi. Salah achomwe kwanza. Sisi tunaangalia haba haba." Yaani hapa hapa; Kisomali hakina p.

Sijawahi kuonja nguruwe. Lakini nani ataniamini? Nikanywa chai yangu ya maziwa ya ngamia bila kujitetea. Najifunza!

Alhamisi, 16 Aprili

Ushindi! Salah, aliyedunga nusu ya watu wa huku, anaogopa sindano! Alifumba macho, akashika meza kwa mikono miwili, akapiga bismillahi mfululizo. Nilipomwambia nimeshamaliza hakuamini. Wanawake wakapiga vigelegele. Osob akaketi, hakupepesa hata jicho. Wanawake wote wakafuata, hadi wale waliokuja kutazama tu.

Billow hakuja. Osob anasema moyo wake umelainika, ila alitoka mbele ya watu, hawezi kurudi kwa kujificha. Kwao aliyemkwaza mtu hadharani humwendea hadharani, amridhishe. Raalligelin, wanaiita. Basi nitakwenda. Kesho!

Ijumaa, 17 Aprili

Baada ya swala nilisimama nje ya uzio wa msikiti, Salah kando yangu. Nikasema mbele ya wanaume wote: nilileta mbwa na nguruwe kwenye mazungumzo, na kwenye friji yangu hawamo. Mzee Billow, raalli ahow, niwie radhi. Akasema amesamehe, na kwamba Kisomali changu ni kibaya sana. Wakacheka. WAMEKUJA zahanati! Wote!

Naandika nimesimama. Imebaki dozi moja. Moja! Jumatatu nilikuwa nabembeleza watu, leo foleni imefika hadi kwenye tangi la maji. Salah yuko kwa simu na stoo ya Garissa: Vaxigrip imeisha, ipo Influvac ya Abbott. Ya yai? Ya yai! Lakini mvua imekata barabara, hawajui gari litafika lini. Osob, kikombe mkononi, anawahubiria wanaume mlangoni: Sanofi ni yai, Abbott ni yai, mbwa ni kampuni ingine, haba hakuna. Nimefurahi hadi mashavu yanauma.

Hii ya mwisho ni ya kifua cha Billow. Nimeshaivuta kwenye sindano. Hataki! Ameketi, mkono wa kanzu umeshuka hadi kwenye kiganja. Anasema kisimani kiongozi hunywesha ngamia wake mwisho, kwa hiyo Deeq wa nyuma yake achukue, yeye atangoja gari. Deeq ni kijana mzima kama chuma, anatazama chini kwa aibu. Nimeeleza pumu, nimeeleza oksijeni. Hasikii.

Osob amekatisha hotuba. Ameweka kikombe chini. Anakuja huku, macho kwenye mkono wa kanzu ya mumewe.