Papa, Jina Lako Limeingia Kwenye Tuzo ya Dokta Masika

Papa,

Wewe umelala huko, sisi huku hatulali kwa furaha. Dokta Masika wa kliniki ya uzazi anapendekezwa kwa tuzo ya sayansi ya uzazi, ya Afrika nzima! Wenzake wanaoandika pendekezo wanataka familia moja aliyoisaidia itoe ushahidi. Alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kiti chako, akasema, "Mama Zawadi, bila ruhusa yenu mimi sifungui kinywa." Nikashangaa. Ruhusa ya nini tena?

Alipoondoka, Mama akanisimulia huku akipara samaki. Papa, kumbe!

Sikujua kwamba kabla sijazaliwa, shangazi zangu walimwita Mama tasa mbele ya watu. Sikujua kwamba Dokta, wakati huo msichana tu, mtoto wa wauza vitenge kutoka Kivu, alimwambia kila mke aliyekwenda kwake: mlete na mume. Wanaume wa hapa kwetu, wavuvi wa maporomoko ya mto, wakacheka hadi kushika mbavu. Wewe ukaenda. Wewe, uliyeona haya hata kununua sabuni ya kuogea!

Na ulivyoenda sasa! Mvuvi ni mvuvi: kitu usichotaka kiharibike unakitia barafu. Dokta alitaka mbegu zako za uzazi azipime; ukakifunga vizuri kile kichupa chake, ukakizika kwenye sanduku la barafu katikati ya samaki, ukatembea nacho hadi mjini. Dokta akatazama kwenye hadubini. Ukamuuliza, "Dokta, yote imekufa?" Mama alikuwa nyuma yako, alisikia. Dokta akauliza umekibebaje. Ulipomwambia, akacheka mpaka akavua miwani. "Bon, Papa, siku nyingine ubebe ndani ya shati, karibu na tumbo. Ile haiko samaki."

Ungeweza kuishia hapo, kwa aibu. Ukarudi! Safari hii Dokta akakuita utazame mwenyewe. Zilikuwa chache, lakini zilikuwa zinatembea. Ukashika meza kwa mikono miwili. "Mungu wangu, iko hai." Wagonjwa wengine wakangoja, wewe hutaki kutoka. Baadaye upasuaji mdogo wa mshipa uliokuwa unapunguza mbegu zako, baadaye kusubiri na kusubiri, kisha mimi. Naitazama mikono hii, Papa, na mwili unanisisimka. Mtu mzima kama mimi, na maneno yote haya, nilianzia kwenye kitu kidogo hivyo! Na huyo mwanamke alijua pa kukitafuta.

Tonton Bosco, mdogo wako, hakutaka kusikia. "Ndugu yangu amelala, mumuache. Unataka watu wamucheke?" Moyo ukanigawanyika. Bila ushahidi wetu pendekezo la Dokta lingepungua nguvu, na wewe sikuwa na namna ya kukuuliza. Nililia, Papa, sikufichi.

Mama akamtazama. "Bosco, na wewe, nani alikupeleka kwa Dokta?"

Tonton akajifuta uso kwa kiganja. "Ni yeye," akasema. "Alinishika mukono, akaningojea kwenye mulango. Na wengine pia aliwapeleka." Kisha akanigeukia: "Alors, andika. Jina lake lote. Na langu weka chini yake."

Kwa hiyo watu wa maporomoko walikuwa wanajua siku zote. Mjinga nilikuwa mimi peke yangu, na niko na fahari mpaka sijui niiweke wapi.

Nimeandika yote. Mwishoni Mama akaniomba niongeze maneno yake mwenyewe: "Mimi sikuwa na kosa." Nikamwandikia. Akataka nimsomee, akataka tena, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Pumzika, Papa wangu. Dokta ashinde asishinde, nitakuja kaburini kukuambia. Na shangazi zangu wanakuja Jumapili. Nakuahidi, nitawakalisha wote, na maneno ya Mama nitayasoma kwa sauti.

Binti yako,
Zawadi