Nimesahau Kuogelea

Bibi mpendwa,

Natumaini goti lako limepoa. Kijumba chetu cha likizo ni kidogo lakini kizuri, na shuka tumekuja nazo wenyewe ili tusikodishe.

Feline, binti wa mke mpya wa Baba, hajui kuogelea. Kwa hiyo Baba anashinda naye kwenye maji mafupi ya bwawa la hapa. Mimi ananiambia, "Wewe una cheti cha kuogelea, mwanangu, nenda kwenye maji marefu." Namwonea Feline wivu, Bibi, ingawa najua si vizuri.

Leo nikavaa maboya yake ya mikononi. Yalinibana.

"Dada mzima na maboya!" Feline akacheka.

"Jitske, vipi tena?" Baba akauliza.

"Nimesahau kuogelea."

Akanitazama kidogo, kisha akaninyooshea mkono. "Haya, njoo tuanze upya."

Mjukuu wako akupendaye,
Jitske