Makofi ya bosi

Vanessa weee, Ikirezi wetu ametumaliza leo!

Si unajua ule mchezo wa simu mwalimu Laurent anatufundishia grama ya Kingereza, ukijibu vizuri simu inakupigia makofi na kukupandisha nivo, unaenda hatua ya juu?

Basi leo ameenda Mbarara kuomba kazi ya hoteli. Bosi anamuuliza swali la kwanza. Ikirezi anajibu Kingereza safi, kisha anangoja. Bosi naye anangoja. Wanaangaliana tu!

Akajua amekosa, kazi imepotea. Akauliza: "Bosi, juu ya nini haunipigii makofi?"

MAKOFI, Vanessa! Kwa bosi!

Yule mzee akacheka mpaka akatoa miwani, akapiga makofi, akasema aje lundi, yaani Jumatatu, aanze kazi.

Unafikiri alisema aksanti? Ikirezi akauliza: "Bosi, sasa niko nivo ya pili?"