Alama Ndani ya Saa ya Baba

Le Locle, 9 Februari 1932

Kaka yangu mpendwa Aurèle,

Salamu zangu zikufikie huko Marseille ukiwa mzima na mwenye kazi. Sisi hatujambo, ila Lucie anaota meno nami silali. Mume wangu Edmond bado yuko mbali, anavunja mawe ya barabara tangu kiwanda cha saa kifungwe. Theluji imefika dirishani. Siku nyingine sauti ya mtu mzima ninayoisikia ni yangu tu, nikimwimbia mtoto.

Kaka, tulipomzika mama niliikuta saa ya mfukoni ya baba sandukuni mwake, imeviringishwa ndani ya soksi. Ndiyo, ileile tuliyoambiwa ilizama naye mwaka 1911, alipovuka mto ulioganda kwenda Ufaransa kukununulia machungwa ya Krismasi. Nikadhani siku ile aliisahau nyumbani, mama akaificha kwa uchungu. Nikaamua kuifufua mwenyewe, maana tangu kazi ya kiwandani mikono yangu haijasahau kufunga springi.

Nikafungua mfuniko wa nyuma. Unajua desturi ya mafundi wetu: anayetengeneza saa hukwaruza alama yake na tarehe humo ndani kwa ncha ya sindano. Alama zilikuwa mbili. Moja ya mzee Matthey, 1906. Nyingine nyota ndogo, herufi R.B., na Machi 1917.

Nilimfunika Lucie shali, nikaenda kwa mzee Matthey. Alitazama kwa lenzi yake, akacheka. “Binti yangu, tangu lini marehemu wakapeleka saa kwa fundi?” Kisha akaniona uso, akanisogezea kiti. Nyota ile aliijua, ya fundi wa Besançon, ng'ambo ya mto huko Ufaransa, aliyejifunza naye kazi.

Nilimwandikia fundi huyo, naye akanijibu kwa upole. Mteja wake aliitwa Ulysse Perrenoud, jina lilelile la baba, seremala mwenye kovu kidevuni kama lake. Aliishi pale na mwanamke mwingine, akafa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 1923. Mwanamke huyo ndiye aliyeomba saa irudi kwetu, na fundi akaifungasha kwa mikono yake, akamtumia mama kwa posta.

Basi mama alijua. Mwaka uliofuata ukatuaga kituoni, ukisema huwezi kuishi karibu na mto uliomuua baba kwa ajili ya machungwa yako. Mama alikuwa anakufunga skafu shingoni. Hakusema neno.

Sasa nami nikiri langu. Jibu la fundi lilinifikia Septemba. Miezi mitano nimelikalia, kwa sababu nilitaka kubaki na baba aliyekufa akitutafutia machungwa. Nikakuacha na mzigo huo, kama mama alivyokuacha. Nisamehe. Hukumuua baba, Aurèle. Ulikuwa na miaka tisa, uliomba machungwa tu, na yeye alikuwa ameshaamua kuondoka. Mama usimlaani mbele yangu. Alitulea peke yake, na sasa najua upweke wa nyumba hii.

Saa inakwenda. Naisikia ninapoandika. Ni yako, mtoto wa kwanza, lakini sikutumii. Imeshatumwa kwa posta mara moja, ikaishia ndani ya soksi miaka minane. Njoo uichukue mwenyewe.

Lucie anakusalimu, mjomba asiyemjua. Kitanda chako nimekitandika.

Dada yako akupendaye,
Odile