Bi Mdogo Yuko Chini ya Kitanda

Shangazi mshauri, shikamoo. Nisaidie upesi, Jumamosi ndiyo hiyo inakuja na nyumbani kwangu hakukaliki.

Mimi ni seremala, na baada ya miaka thelathini ya kuwatengenezea watu vitanda nimejitengenezea changu ndani ya gari, basi dogo kuukuu nililoling'oa viti vyote nikaweka kitanda, kabati na friji, na mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, akashona mapazia ya maua, tukapanga Jumamosi tuanze safari ya siku mbili mpaka kwa binti yetu tukamwone mjukuu wetu wa kwanza, yaani Shangazi, hata kula nilikuwa nasahau kwa furaha! Sasa gari la kulala linataka betri mbili, moja ya kuwashia injini na ya pili ya taa na friji, na mafundi wa gereji yetu, ile betri ya kwanza wanaiita bi mkubwa na ya pili bi mdogo, nami nikazoea. Nikawaunganisha kwa waya moja kwa moja ili altaneta, ile inayotengeneza umeme injini ikizunguka, iwachaji wote wawili, na ikachaji kweli, friji ikagandisha barafu, nikaruka juu mpaka nikagonga kichwa, lakini asubuhi yake gari likagoma kuwaka. Nikampigia fundi umeme, na kwa kuwa mikono ilikuwa na grisi nikafungulia spika, nikamwambia, "Bi mdogo nimemweka chini ya kitanda na raha naiona, ila bi mkubwa akiamka hana nguvu kabisa," naye akapaza sauti, "Mzee, si unawalaza pamoja! Bi mdogo anamnyonya mwenzake. Watenganishe!" Kugeuka hivi, mama watoto yuko mlangoni, sufuria mkononi.

Hii ni wiki ya pili. Mapazia ameyashusha, mabegi mawili yako sebuleni, nikifungua kinywa ananiambia, "Kamweleze bi mdogo wako," na kuna kipande cha gazeti amekikata anakisoma asubuhi na jioni, hataki nikione. Nimwambieje?

Seremala

*

Marahaba, Seremala. Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, halafu nikaiokota nikasoma barua yako upya. Sababu nitakuambia.

Kwanza gari, maana hongera, limenisisimua hata mimi! Lakini mbao unazijua, umeme huujui, na fundi wako kasema kweli tupu. Injini ikizimwa, friji yako inakula betri zote mbili. Mwambie aweke rilei katikati, ile swichi inayoziunganisha betri yenyewe altaneta ikianza kuchaji na kuzitenganisha ukizima injini. Taa na friji zitegemee bi mdogo peke yake. Waya uwe mnene, na fyuzi iwekwe karibu na kila betri, tena usinibishie hapo, maana juu ya waya huo mtalala watu wawili.

Sasa mkeo. Wewe baba mzima unatangaza bi mdogo kwenye spika, halafu unashangaa? Acha kumweleza, mwonyeshe. Mshike mkono, inua godoro, amwone huyo mwenzake wa kilo ishirini na tano asiyeweza hata kujigeuza. Mpe ufunguo awashe injini mwenyewe, asikie rilei inavyolia "ta!" Na kuanzia leo hizo ni betri ya kwanza na betri ya pili, basi.

Na kile kipande cha gazeti usimlaumu, ni changu. Wiki iliyopita mama mmoja fundi cherehani aliniandikia kwamba amemsikia mumewe kwa masikio yake akikiri kumweka bi mdogo chini ya kitanda cha gari. Nami kwa ujuaji wangu nikamjibu hapa hapa: "Funga mabegi, usingoje kuelezwa." Nimekosa, na nasema mbele ya wasomaji wote.

Mama, kama unasoma, nisamehe. Mabegi usiyafungue. Yabebe hivyo hivyo uyaweke garini, tundika mapazia yako, na mkifika mnibusie huyo mjukuu.